Mshipa umezibuliwa, lakini moyo haujapona: matatizo adimu yanayoua baada ya mshtuko wa moyo

#1 TabibuWaZamu

Wanajukwaa, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu mshtuko wa moyo huishia pale mshipa unapozibuliwa, maumivu ya kifua yanapotulia na ndugu wanapoambiwa kwamba mgonjwa wao ametoka kwenye hatari. Kwa walio wengi kauli hiyo ni ya kweli. Wapo, hata hivyo, wachache ambao siku ya tatu au ya tano, wakiwa wameshaanza kula na kuketi kitandani, hupata pigo la pili linaloua haraka kuliko la kwanza: ukuta wa moyo hupasuka, au msuli unaoshikilia vali, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, hukatika. Wengi wa wanaowauguza hawajawahi kusikia kwamba jambo kama hilo linawezekana, na kwa hiyo dalili za mwanzo hupita mbele ya macho yao bila kutambuliwa.

Tuanze na kinachotokea ndani ya msuli wenyewe. Mara nyingi mshtuko wa moyo hutokea pale mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa wa koronari, yaani unaoulisha moyo wenyewe kwa damu, yanapochubuka, damu ikaganda juu yake na kuufunga mshipa. Msuli uliokuwa ukilishwa na mshipa huo huanza kufa baada ya takriban nusu saa, kuanzia tabaka la ndani na kusambaa kuelekea nje, na ndani ya saa sita hivi unene wote wa ukuta katika eneo hilo unaweza kuwa umekufa. Baada ya hapo mwili huanza usafi. Chembe nyeupe za damu huvamia eneo lililokufa na kumwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha mabaki, na siku chache baadaye huja chembe nyingine kubwa zaidi za kuyala mabaki hayo. Hatari imo katika mpangilio wa kazi hiyo, kwa kuwa msuli mfu huondolewa kabla kovu halijajengwa. Kati ya siku ya tatu na ya saba, ukuta huwa umeupoteza msuli wake wa zamani na bado haujapata nyuzi za kutosha za kovu jipya, huku ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu mwilini, ikiendelea kusukuma damu kwa nguvu usiku na mchana. Kovu lililokomaa huhitaji wiki kadhaa, hata miezi miwili.

Kupasuka hakungoji siku hizo peke yake. Kuna kundi la wagonjwa ambao hupasuka ndani ya saa 24 za kwanza, pale damu inapopenya na kujichimbia njia ndani ya msuli uliokufa kabla hata usafi haujaanza.

Mahali panapopasuka ndipo panapoamua sura ya ugonjwa. Ukipasuka ukuta wa nje wa ventrikali, damu humwagika ndani ya mfuko unaouzunguka moyo, na kwa kuwa mfuko huo hautanuki kwa haraka, moyo hubanwa hadi ukashindwa kujaa. Mgonjwa hupoteza fahamu ghafla, mapigo hayashikiki, na bado skrini iliyo kando ya kitanda huendelea kuonyesha mawimbi ya umeme wa moyo kana kwamba hakuna kilichoharibika. Wapo wachache ambao tundu lao ni dogo na damu iliyoganda huliziba kwa muda. Hao huonyesha maumivu yanayorudi, kutapika kusiko na sababu, kuhangaika na presha inayoshuka na kupanda. Hao ndio wanaoweza kuokolewa, mradi mtu aliyepo awe na jambo hili akilini.

Ukipasuka ukuta wa kati unaotenganisha ventrikali mbili, damu iliyokwisha kupata oksijeni huvuja kutoka kushoto kwenda kulia na kurudishwa mapafuni, wakati mwili mzima ukinyimwa sehemu yake. Kabla ya zama za dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, tatizo hili liliwapata mgonjwa mmoja hadi watatu katika kila 100 wa mshtuko wa moyo. Katika utafiti mkubwa wa GUSTO-I uliofanyika katika miaka ya 1990, ambapo wagonjwa zaidi ya 41,000 walipewa dawa hizo, lilithibitishwa kwa takriban wawili katika kila 1,000. Idadi hiyo ni ndogo, lakini tazameni yaliyowapata: waliotibiwa kwa dawa pekee, asilimia 94 walifariki ndani ya siku 30, waliofanyiwa upasuaji, asilimia 47.

Tatizo la tatu ni kukatika kwa msuli wa papilari, yaani mmoja wa misuli miwili midogo inayotoka ndani ya ventrikali ya kushoto na kuishikilia vali ya mitra, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto, kwa kamba zake ili isipinduke wakati moyo unapobana. Hapa maumbile yameacha udhaifu ambao kila mwanafunzi wa tiba anapaswa kuufahamu. Msuli wa mbele hupata damu kutoka mishipa miwili, lakini wa nyuma, kwa watu wengi, hutegemea mshipa mmoja tu, kwa kawaida tawi la mshipa wa koronari wa kulia. Ndiyo maana wa nyuma hukatika mara nyingi zaidi, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na mshtuko wa moyo unaoonekana mdogo kwenye vipimo, eneo lililokufa likiwa dogo kabisa, na bado vali yake ikaachia. Damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni na mgonjwa huanza kuzama katika maji ya mapafu yake mwenyewe ndani ya dakika au saa chache.

Walio katika hatari zaidi ni wazee, wanawake, wenye presha ya muda mrefu, waliochelewa kufika hospitalini, na, jambo linalowashangaza wengi, wale ambao huu ndio mshtuko wao wa kwanza na hawakuwahi kuumwa kifua kabla. Aliyekaa miaka mingi na mishipa iliyosinyaa mara nyingi huwa amejengewa na mwili vijishipa vya pembeni vinavyoleta damu kidogo hata mshipa mkuu unapofungwa. Asiye na historia hiyo hana akiba.

#2 BintiMkubwa

Shikamoo Daktari. Nimesoma maandishi yako mara mbili. Baba yetu alilazwa kwa mshtuko wa moyo, akaendelea vizuri kwa siku chache, kisha akafariki ghafla, nasi tukaelezwa kwamba moyo ulikuwa umepasuka. Jioni iliyotangulia, kaka yangu alizungumza naye suala la mali ya familia na baba akakasirika. Tangu siku hiyo baadhi ya ndugu humwambia kaka wazi kwamba yeye ndiye aliyempasua baba moyo. Naomba kujua ukweli wa kitabibu, hata kama ni mchungu.

#3 TabibuWaZamu

Marahaba, dada yangu. Pole sana kwa msiba na kwa mzigo uliofuata.

Kinachopasuka katika ugonjwa huu ni ukuta uliokwisha kufa siku kadhaa kabla. Mpasuko kwa kawaida huanzia kwenye mpaka kati ya msuli mfu na msuli hai, kwa sababu upande mmoja hubana kwa kila pigo na upande wa pili hauwezi kubana, na mvutano huo hurudiwa karibu mara laki moja kwa siku moja. Hasira hupandisha presha kwa muda, hilo ni kweli, lakini kikohozi pia huipandisha, kujikakamua chooni huipandisha, kuota ndoto mbaya huipandisha. Hakuna daktari anayeweza kuonyesha kidole na kusema kwamba tukio fulani la jioni fulani ndilo lililoupasua ukuta ambao ulikuwa katika siku zake dhaifu kuliko zote. Wagonjwa hupasuka wakiwa usingizini, wakiwa kimya, wakiwa wamezungukwa na upendo mtupu.

Tunawashauri ndugu wampe mgonjwa utulivu katika siku hizo, na ushauri huo ni mzuri. Lakini kutoka kwenye ushauri huo hadi kumhukumu mtu kwamba ameua ni hatua ambayo tiba haiiungi mkono hata kidogo. Kilichomuua baba yenu ni mshipa uliofungwa na msuli uliokufa. Kama itasaidia, msomeeni kaka yako maneno haya, na wasomeeni pia wanaomlaumu.

#4 MuuguziWaMahututi

Ahsante, Daktari, kwa jibu hilo. Naomba niongeze yale yanayoonekana kando ya kitanda, kwa kuwa sisi wauguzi ndio tunaokaa na mgonjwa saa zote.

Vitabu hutufundisha kwamba ukuta wa kati ukipasuka utasikika mvumo mkali na mpya kwenye stethoskopu, na mara nyingi ukiweka kiganja kifuani utahisi mtetemo. Hilo ni sahihi, na kila zamu inapaswa kusikiliza kifua na kuandika ilichosikia, ili zamu inayofuata ijue kama mvumo ni mpya au ulikuwepo. Lakini msuli wa papilari unapokatika kabisa, mvumo unaweza kuwa hafifu au usisikike kabisa, kwa sababu vali imeachia kiasi kwamba shinikizo la chumba cha juu na cha chini hukaribia kulingana, na damu hupita bila kelele. Nimeona watu wakijifariji kwamba kifua hakina sauti mpya huku mgonjwa akishindwa kupumua. Kimya hicho kisimtulize mtu yeyote.

Tofauti nyingine inayosaidia ni mlalo. Mwenye tundu kwenye ukuta wa kati mara nyingi huweza kulala chali ingawa presha yake inashuka, ilhali mwenye vali iliyoachia huketi wima akipigania hewa. Si kanuni isiyovunjika, ila inakupa mwelekeo wakati mashine ya eko, yaani ya kupiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, inaletwa. Na kabla ya yote hayo hutangulia mambo madogo: mikono na miguu kuwa baridi, mkojo kupungua, mapigo kwenda mbio, mgonjwa kuvua barakoa ya oksijeni na kusema kwamba anajisikia vibaya asivyoweza kueleza. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo anayesema hivyo katika wiki ya kwanza ninamwita daktari papo hapo, hata kama namba zote kwenye skrini ni nzuri.

Ombi langu kwa ndugu ni moja. Msimletee mgonjwa dawa za maumivu kutoka nje bila kutuambia, hasa zile za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki. Baada ya mshtuko wa moyo dawa hizo huongeza hatari kwa moyo, na zinaweza kuvuruga ujenzi wa kovu.

#5 Mdadisi

Naheshimu elimu inayotolewa hapa, lakini naomba niulize kwa moyo safi. Ikiwa tatizo lenyewe huwapata wawili katika 1,000, kuna faida gani kuwajaza watu hofu? Mgonjwa aliyetoka salama anaweza kusoma uzi huu na akaogopa hata kutembea.

Pia sielewi jambo moja: kama bila upasuaji karibu wote hufa, kwa nini tunasikia kwamba madaktari wa upasuaji wakati mwingine husubiri?

#6 TabibuWaZamu

Ndugu Mdadisi, swali lako la kwanza ni la haki. Aliyekwisha kutoka hospitalini na wiki kadhaa zimepita amevuka kipindi cha hatari kubwa ya kupasuka, na kwake yeye kutembea kwa kadiri alivyoelekezwa ni sehemu ya tiba. Asikae kitandani kwa sababu ya uzi huu.

Ninaowalenga ni wengine. Uadimu huo unaousifu haukuja wenyewe. Umeletwa na kuzibua mishipa mapema, na hurudi nyuma pale watu wanapochelewa. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, watu wengi waliumwa kifua wakakaa nyumbani kwa kuogopa kuambukizwa hospitalini, na madaktari wa nchi mbalimbali wakaanza kuripoti tena mipasuko ambayo vijana wao walikuwa wameisoma vitabuni tu. Mshipa ukizibuliwa katika saa za kwanza, iwe kwa puto linalopitishwa ndani ya mshipa na stenti, yaani kijibomba cha kuuweka wazi, au kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda pale ambapo puto haliwezi kupatikana ndani ya saa mbili hivi, sehemu ya unene wa ukuta hubaki hai. Ukuta uliobakiwa na tabaka hai upande wa nje hupasuka kwa nadra sana. Dawa hizo za kuyeyusha hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Baada ya hapo faida yake hufifia na hatari zake hubaki.

Kwa hiyo anayeumwa kifua kwa uzito usiokoma, au maumivu yanayopanda shingoni, taya au mkono pamoja na jasho jembamba, asingoje kupambazuke. Wenye kisukari na wazee wawe waangalifu zaidi, kwani kwao mshtuko wa moyo unaweza kuja kwa kukosa pumzi au uchovu wa ghafla bila maumivu makali, na ndio hao hao wanaochelewa kufika.

Swali la upasuaji namwachia anayelijua kwa mikono yake.

#7 MkasiNaUzi

Nimeitwa, nami naitikia. Mimi ni daktari wa upasuaji wa moyo.

Ugumu wetu ni kwamba mgonjwa anatuhitaji katika siku zile zile ambazo msuli wake hauwezi kushika uzi. Kushona ukingo wa tundu katika siku ya tatu au ya nne ni kama kushona karatasi iliyolowa maji: sindano inapita, uzi unashika kwa muda, kisha unakata na kutoka. Ndiyo maana mbinu za sasa huepuka ukingo huo na kushonea kiraka kikubwa kwenye msuli wenye uhai ulio mbali zaidi, ili eneo lililokufa litengwe na shinikizo la ventrikali.

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Latham wa London mwaka 1845 kutokana na uchunguzi wa maiti, na zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya daktari wa upasuaji Denton Cooley kufanya upasuaji wa kwanza wa kuziba tundu hilo mwaka 1956, kwa mgonjwa ambaye alikuwa ameishi nalo kwa wiki kadhaa. Tangu mwanzo, basi, walionusurika kwa urahisi zaidi walikuwa wale waliofika mezani wakiwa na kovu. Takwimu za karibuni zaidi zinaonyesha sura hiyo hiyo. Katika uchambuzi wa wagonjwa 2,876 waliofanyiwa upasuaji kati ya 1999 na 2010, waliokusanywa katika hifadhidata ya chama cha madaktari wa upasuaji wa kifua cha Marekani, waliofanyiwa ndani ya siku saba walifariki kwa asilimia 54 hivi, na waliofanyiwa baadaye kwa asilimia 18 hivi.

Msomaji atasema basi wote wasubiri. Hapana. Wale waliofika siku ya nane wakiwa hai walikuwa, kwa sehemu kubwa, wenye matundu madogo na mioyo yenye nguvu zaidi. Waliokuwa wagonjwa sana walipelekwa mapema au walikufa wakisubiri, na hao wa mwisho hawamo kabisa katika hesabu hiyo. Uamuzi wangu hutegemea viungo vingine. Figo zikianza kushindwa na presha ikaporomoka, kusubiri ni kumhukumu mgonjwa. Akiwa imara, tunaweza kununua siku kadhaa kwa dawa za kutanua mishipa na kwa puto linalowekwa ndani ya aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, ambalo hujaa moyo unapopumzika na kunywea moyo unapoanza kusukuma, hivyo damu ikapata njia nyepesi ya kwenda mwilini badala ya kupita kwenye tundu. Kwa waliozidiwa ipo mashine ya nje inayotia damu oksijeni na kuisukuma kwa niaba ya moyo. Baadhi ya matundu, yakiwa na umbo linalofaa, huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya mshipa bila kufungua kifua.

Haya yote nimeyasema kuhusu ukuta wa kati. Ukuta wa nje ukipasuka, au msuli wa papilari ukikatika, hakuna mjadala wa kusubiri: ni chumba cha upasuaji mara moja. Na kwa vali, matokeo yanaweza kuwa mazuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu msuli wa moyo wenyewe mara nyingi haukuharibika sana. Tukibadilisha vali kwa wakati, mgonjwa hubaki na moyo wenye nguvu.

#8 MzeeKhamis

Nawashukuru madaktari na muuguzi. Mimi nilipata mshtuko mkubwa wa upande wa mbele wa moyo, nikawekewa stenti, na sasa niko nyumbani. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika kwamba ncha ya moyo wangu haibani, na nimepewa wafarini na tarehe ya kurudia kipimo cha eko. Naomba nielezwe ni nini wanachokiogopa.

#9 TabibuWaZamu

Shikamoo, Mzee wangu. Nitakueleza moja baada ya jingine.

Eneo la moyo lisilobana huacha damu itulie, na damu iliyotulia huganda. Donge hilo hujengeka zaidi baada ya mshtuko mkubwa wa upande wa mbele, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kipande chake kikimeguka kinaweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi, au kwenye mguu na kuufanya uwe baridi na wenye maumivu makali ghafla. Wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huzuia hilo. Kwa kawaida hutumika miezi mitatu hadi sita, kisha eko huamua kama iendelee, na katika muda huo kipimo cha damu cha kuangalia nguvu ya dawa ni cha lazima kama dawa yenyewe. Usiiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Baadaye, eneo hilo linaweza kututumka nje kila moyo unapobana. Kama mtutumko una ukuta wa kovu la moyo wenyewe na mdomo mpana, kupasuka kwake ni nadra. Shida yake ni moyo kuchoka na mapigo kuvurugika. Upo mtutumko mwingine wenye mdomo mwembamba, ambao kwa hakika ni mpasuko uliozuiwa na mfuko wa moyo pamoja na damu iliyoganda, bila msuli wowote ndani yake. Huo unaweza kukaa kimya kwa miezi na kisha kuachia, na ukigunduliwa kwa kawaida hushauriwa upasuaji. Kwenye eko mitutumko hii miwili inaweza kufanana, na wakati mwingine huhitajika kipimo cha MRI kuitofautisha. Kwa sababu hiyo nakuomba usiikose tarehe uliyopewa.

La mwisho huogopesha kuliko linavyodhuru. Wiki mbili hadi sita baada ya mshtuko, baadhi ya watu hupata homa na maumivu ya kifua yanayochoma zaidi wakivuta pumzi au wakilala chali, na kupungua wakiinama mbele. Hii ni kinga ya mwili inayouchokoza mfuko wa moyo, hali iliyoelezwa na daktari William Dressler mwaka 1956, na hutibiwa kwa aspirini ya kiwango cha juu pamoja na kolchisini, dawa ya kupunguza uvimbe. Lakini wewe unatumia wafarini, na mfuko uliovimba unaweza kuvuja damu, hivyo maumivu ya namna hiyo yakikupata, nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukiwa na karatasi yako ya dawa, na usiongeze aspirini kwa uamuzi wako mwenyewe.